Uwanja Uliobaki Jina

Jumamosi iliyopita niliingia katika ofisi ya kuuza fleti hapa Toronto, nikikwepa mvua. Ghorofa lenyewe linajengwa palipokuwa na uwanja wa besiboli, wa timu ya daraja la chini ambayo haikuwahi kumsumbua mtu yeyote kwa ushindi.

Ndani walikuwamo mume na mke, Watanzania wanaoishi Pickering, mji jirani na Toronto. Muuzaji, kijana Mkenya aliyevaa tai, aliwaonyesha picha kubwa ya uwanja ule ukutani.

"Tumeheshimu historia," alisema. "Hata jengo limepewa jina la uwanja."

Mke aliisogelea picha, akaweka kidole kwenye benchi za mbao.

"Hapa ndipo tulipojuana. Mwenzangu alikuwa akinifundisha sheria za mchezo, kumbe naye hazijui."

Mume alitabasamu, akamgeukia muuzaji. "Benchi hizo zilikuwa upande gani?"

"Hapo patakuwa maegesho ya magari, mzee. Chini ya ardhi."

"Na watoto wakitaka kurushiana mpira uani?"

Muuzaji alirekebisha tai. "Mpira hauruhusiwi. Sababu ya vioo."

Ndivyo tunavyoitunza historia mjini hapa. Kwanza tunaibomoa, na tukishahakikisha haiwezi kurudi, tunaipa heshima zote inazostahili.

Mke alishukuru kwa adabu, akasema watafikiria. Walipofika mlangoni nilimsikia akimnong'oneza mumewe, "Tusinunue hapa. Kila nikiegesha gari nitakuwa nakudai ile benchi."