Gauni Nililolikata kwa Kukumbuka

Mwaka 2017 rafiki yangu wa tangu shule ya msingi, huko Lubumbashi, aliniandikia kwamba anakuja Johannesburg kununua bidhaa za duka lake. Mimi ni fundi cherehani, nashona mtaa wa Rosettenville, hapa hapa Johannesburg. Siku hiyo hiyo nilishuka mjini nikanunua kikwembe, yaani kitenge, cha kututosha wawili. Nilitaka Jumapili tuingie kanisani tumevaa sare, kama wasichana.

Tulikuwa hatujaonana miaka ishirini na moja. Zamani tulikuwa na blauzi moja nzuri, tukiivaa kwa zamu, na ilitukaa sawasawa. Basi sikumwomba vipimo. Niliona aibu, fundi mzima nimwulize vipimo mtu niliyekua naye! Nilikata gauni lake kwa kukumbuka, nikaongeza inchi chache za uzee huku nikijicheka, maana na mimi nimenenepa. Kifuani nililibana makusudi. Yeye ndiye aliyekuwa na kifua cha kuringia, na alikijua.

Alifika Jumamosi mchana, amejitanda mtandio mpana. Tulipiga vigelegele mlangoni hadi jirani yetu Mreno akachungulia. Nilimpa gauni kabla hata ya chai. Aliingia chumbani, akakaa sana. Alipotoka bila mtandio, upande wa kushoto wa kifua kitambaa kilikuwa kimelala, kimejikunja.

"Balilitoa ziwa," alisema. "Inafika myaka tatu sasa. Kansa."

"Na weye haukuniambia?" nilimwuliza, na papo hapo nikatamani nisingefungua mdomo.

"Nilikuandikia unipigie simu, dada. Mara mbili."

Kweli aliandika. Ilikuwa Desemba, miaka mitatu nyuma, nguo za sikukuu zimejaa hadi kitandani, nami nikamjibu kwa kijipicha cha moyo na maneno "Mungu akubariki". Kisha nikasahau. Nilimpenda sana yule msichana wa blauzi, nikisimulia habari zake kwa kila mteja aliyekaa kusubiri. Huyu mwanamke sikumpigia hata simu moja. Naona haya kuandika hivi, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Nilimwambia avue, nitalirekebisha sasa hivi. Hakuvua. Alisimama mbele yangu akainua mikono taratibu, na wa kushoto haukufika juu.

"Pima," alisema. "Usikisie."

Nilipitisha futi mgongoni mwake, nikaileta mbele. Nilisoma namba mara tatu. Wanawake nisiowajua hata majina nawapima kila siku, nawauliza linabana wapi, wanataka lianguke vipi. Yeye, kwa miaka ishirini na moja, sikuwahi kumwuliza anaumwa wapi.