Kaseti ya Redio ya Nyarangi

Wavuvi wa Karungu wakiangusha redio majini, humpelekea Nicanor Onchiri. Wakulima wa tumbaku wa Kehancha wakikuta panya wametafuna nyaya, humpelekea Nicanor Onchiri. Ana meza yake kwenye baraza la duka moja mjini Migori, na hapo amekaa karibu miaka arobaini, tangu alipoteremka kutoka vilima vya Kisii akiwa kijana mwenye bisibisi moja na maneno mengi. Bisibisi zimeongezeka. Maneno nayo hayakupungua hata kidogo.

Ana tabia moja ya kazi ambayo mafundi wengine huicheka. Akimaliza kutengeneza redio ya kaseti, haiwashi tu na kumwambia mteja ondoka nayo. Huweka redio yake mwenyewe kando, ikisema lolote inalosema, kisha hubonyeza ile ya mteja irekodi kwa maikrofoni yake, halafu husikiliza mwanzo tu. Hivyo hujua kwa mara moja kwamba maikrofoni inasikia, kichwa cha kurekodi kinaandika na spika inatamka. Kaseti yenyewe huiandika tarehe na jina la mwenye redio, akaitupa katika katoni ya sabuni chini ya meza. Hafuti hata moja. Mteja akirudi kulalamika kwamba alidanganywa, Nicanor huinama, huchakura, huitoa kaseti na kusema, "Sikiliza mwenyewe. Ilitoka hapa ikiwa nzima." Wateja walikwisha kukoma.

Mkewe Marcella, Mkisii mwenzake, huuza ndizi sokoni. Ni Mkatoliki wa kweli, mwanamke wa maneno machache, na walijaliwa mtoto mmoja tu, Okari. Okari alizaliwa hapa hapa Migori, akakua akiongea Dholuo kuwashinda hata Waluo wenyewe, akajiunga na jeshi. Majeshi yetu yalipovuka mpaka kuingia Somalia mwaka ule, Okari naye alivuka. Mwaka wa pili wakamrudisha ndani ya sanduku lililofunikwa bendera, wakamzika kwa mizinga juu kule Kisii, ardhini kwa babu yake.

Tangu siku hiyo Marcella alimuuliza mumewe swali moja, akaliuliza kwa miaka: hapakuwa na mtu wa kumwambia mwanangu asiende? Na Nicanor alimjibu vilevile kila mara. "Nilimwomba, Mama Okari. Nilimwomba akae. Akasema amri ni amri." Jibu hilo ndilo lililomshikilia yule mama. Mwanawe alikuwa ameombwa. Baba yake alikuwa amejaribu. Basi kilichobaki ni rais wa wakati ule, aliyeamua vita, na huyo Nicanor alimshughulikia. Hakuna mteja aliyeketi mbele ya ile meza akaondoka bila kusomewa makosa ya rais huyo.

Ndiyo maana mwalimu Dolphine, anayefundisha historia katika shule moja ya hapo mjini, alipotangaza kwamba vijana wake wataandaa kesi ya umma ya kumpima rais huyo, alianzia kwa Nicanor.

"Jaduong'," alimwambia, akitumia neno la heshima ambalo Waluo humpa mzee, "tutapima yote. Barabara, shule, na ile vita. Unasema uko na sauti za habari za siku hizo?"

"Niko nazo zote," Nicanor akasema. Alikuwa ameshapiga magoti chini ya meza.

Kaseti aliipata Jumapili asubuhi, siku ya kesi. Ilikuwa imeandikwa kwa mkono wake, kwa jina la mteja wa siku hizo: *Redio ya Nyarangi. Oktoba. Habari za vita.* Hakuisikiliza. Aisikilize ya nini, naye alikuwapo? Aliifuta vumbi kwa shati, akavaa koti la kanisani, akamwambia Marcella, "Leo mji mzima utasema ni nani alimuua mtoto wetu." Marcella akafunga kitambaa kichwani akamfuata. Njiani alisema jambo moja tu, kwamba wakikubali watu wote, labda moyo wake utapumzika.

Ukumbi ulijaa. Jumamosi ingewakosa Wasabato, kwa hiyo Dolphine alichagua Jumapili alasiri, na walikuja wa kila namna: wauza samaki, waendesha bodaboda, Waluo, Wakuria, Wakisii wachache waliokaa pamoja karibu na dirisha. Mambo yalianza vizuri. Mtu mmoja akasifu barabara, mwingine akauliza barabara hiyo ilijengwa kwa jasho la nani. Kisha akasimama Noor, Msomali muuza betri na vipuri, rafiki wa Nicanor wa miaka mingi.

"Mimi niko na ndugu pande zote mbili za ile mpaka," Noor akasema. "Mabomu ya wale wabaya iliua watu yetu hapa, na mabomu ya huku iliua watu yetu huko. Sasa mkiniuliza rais alifanya vizuri ama vibaya, mimi nalia kwanza. Halafu nitawajibu."

Nicanor alimheshimu Noor, lakini hakupenda jibu la namna hiyo. Alitaka jibu lenye jina la mtu ndani yake. Dolphine alipomwita shahidi, alikwenda mbele kwa hatua za bwana harusi, akaweka redio mezani, akawageukia watu.

"Mimi si mwanasiasa," alisema. "Mimi ni baba. Yule mtu alituma watoto wa maskini vitani na yeye akabaki akinywa chai. Mwanangu nilimshika mkono hivi, nikamwambia usiende. Lakini baba ni nani mbele ya rais? Sikieni wenyewe siku ilivyokuwa."

Akabonyeza. Kaseti ikakoroma, halafu ikashika. Sauti ya mtangazaji ikatoka, ya kizamani na ya haraka, ikisema kwamba wanajeshi wamevuka mpaka. Watu wakainama mbele. Nicanor alikunja mikono kifuani, kidevu juu.

Kisha ndani ya redio, karibu zaidi ya mtangazaji, kijana akakohoa. Akamwita babake kwa Kikisii, "Tata, zima kwanza hiyo redio."

Mkono wa Nicanor ulitoka kifuani wenyewe. Miaka kumi na mitatu hakuwa ameisikia sauti ile. Pale nyuma kiti kiligonga sakafu. Marcella alikuwa amesimama.

"Iache, napima redio ya mtu," ikajibu sauti nyingine, nene, ya mtu mwenye nguvu zake. "Wewe sema."

Wakasema. Ukumbi mzima ulisikia watu wawili wakizungumza Kikisii huku habari zikiendelea nyuma yao, na chuma kidogo kikiwekwa juu ya mbao. Wengi hawakuelewa neno. Wale Wakisii wa dirishani walielewa, na mmoja baada ya mwingine wakaanza kutazama viatu vyao. Nicanor alijua inampasa aizime. Kidole kilikuwa juu ya kitufe kabisa. Lakini kile kilikuwa kinywa cha mwanawe kikisema, na kidole kikakataa. Mazungumzo yakaisha, mtangazaji akahamia bei ya mahindi, kaseti ikakatika.

"Tafsiri, mzee!" kijana mmoja wa bodaboda akaita. "Tumeskia ni wewe na huyo boy wako. Mlikuwa mnasema nini?"

"Ndiyo, Jaduong'," Dolphine akasema kwa upole. "Huu ni ushahidi. Tafsiria watu."

Nicanor alilamba midomo. Njia ya mwongo ni fupi, na yake ilikuwa imefika ukutani, lakini mtu aliyezoea kusema huwa anasema tu.

"Namwambia asiende," akasema. "Yeye anasema... amri ni amri. Ni hayo tu."

Marcella alikuwa akija mbele. Alipita katikati ya viti polepole, akasimama upande wa pili wa meza, akamtazama mumewe usoni, na Nicanor akaona kwamba mkewe hakukasirika. Alikuwa kama mtu aliyefungua mlango wa nyumba yake akakuta wanaishi watu wengine.

"Baba Okari," alisema. "Rudisha mwanzo."

"Mama Okari, twende nyumbani kwanza."

"Rudisha."

Akarudisha. Na safari hii Marcella akainua kiganja kila sentensi ilipokwisha, Nicanor akasimamisha kaseti, naye akawaambia watu kwa Kiswahili chake cha sokoni, bila kupandisha sauti, kama anayetaja bei.

"Kijana anasema bosi yake amemuuliza kama anataka kubaki kambi. Wanataka fundi wa magari. Anasema anaweza baki."

Kiganja kikashuka. Kaseti ikasonga.

"Baba anauliza, na wenzako? Kijana anasema wengine wanaenda. Baba anasema, sasa mimi nitaambia watu wa hapa nini? Ati nilizaa askari ya kufungua nati?"

Hebu fikiria. Mtu aliyelisha nyumba yake kwa bisibisi, aliyejenga na kusomesha kwa nati, ndiye huyo aliyezidharau nati siku ambayo zingemwokolea mtoto. Nyani haoni kundule, wahenga walisema, lakini huyu alikuwa amelirekodi la kwake, akaliandikia tarehe, akalileta mwenyewe mbele ya umma akiwa amevaa koti.

"Kijana anasema, Tata, naogopa," Marcella akaendelea. "Baba anasema, uoga haikuzaliwa kwangu. Nenda. Urudi na heshima ama usirudi."

"Yawa," mwanamke mmoja akanong'ona, akimwita Mungu kwa Dholuo. "Yawa, Nyasaye wangu."

Nicanor alishika ukingo wa meza. Si maneno yaliyomvunja. Maneno, sasa alipoyasikia, aliyakumbuka yote, kana kwamba yalikuwa yamekaa chini ya ile meza na kaseti nyingine. Kilichomshtua ni ile sauti. Alikuwa akitazamia kusikia hasira, au angalau wasiwasi wa mzazi. Sauti ile ilikuwa na furaha. Ilikuwa sauti ya mtu anayejiona tayari amesimama barazani akisimulia wapita njia kwamba mwanawe yuko vitani. Aliogopa kwamba kila mtu ukumbini aliisikia furaha hiyo, kwa sababu furaha haihitaji kutafsiriwa.

Noor alikuwa ameinamisha kichwa. Yule kijana wa bodaboda alivua kofia akaishika mapajani. Dolphine alikuwa na karatasi za kura ya kumhukumu rais mkononi, amezipanga vizuri, na ilionekana hajui aziweke wapi.

"Mama," alisema mwisho, "pole sana. Hii... sisi hatukujua. Tuahirishe?"

"Mwalimu, yule mkubwa mtampima siku ingine," Marcella akasema. "Makosa yake iko, sikatai. Alituma watoto ya watu wengi. Lakini wangu alikuwa amefunguliwa mlango. Alikuwa amefunguliwa."

Watu walitoka wakiinua viti badala ya kuviburuta, kama wanavyotoka matangani. Wengine walitaka kumshika Marcella mkono wakaona si wakati. Kwa Nicanor hakwenda mtu. Noor peke yake alipita karibu naye, akasimama kidogo, akaenda zake.

Wakabaki wawili na redio.

"Nilidhani vita vitakwisha haraka," Nicanor alisema. "Nilikuwa najivunia mtoto wangu. Marcella, mimi nilimpenda." Machozi yalikuwa yakimtoka, na hakuyafuta. "Nilikudanganya kwa sababu ukweli ungekuua."

"Mimi ninaishi," Marcella akasema. "Yeye ndiye alikufa."

Alivuta kiti akaketi mbele ya redio, magoti yakagusa meza. Alikunja mikono mapajani kama wanawake wanavyoketi kanisani wakingoja padri.

"Kuna kitu alisema mwisho," alisema. "Sikuwaambia wale watu. Hiyo ni yangu. Irudishe pale."

Nicanor alijua ni pale. Baada ya *usirudi* kulikuwa na kimya kifupi, halafu Okari alisema, *Sawa, Tata. Lakini Mama usimwambie niliogopa.* Akabonyeza kurudisha, akaachia, akabonyeza. Lakini redio ile ni ya zamani, haisimami pale unapotaka. Ilirudi mbali kupita kiasi, na kilichotoka ilikuwa sauti yake mwenyewe, nene, yenye furaha, ikisema uoga haukuzaliwa kwake. Akanyoosha mkono haraka aipeleke kaseti mbele.

Marcella akaushika ule mkono.

"Wacha ipite," alisema.

Ikapita yote. Kisha mwana wao akasema lile neno, "Mama," na Marcella akafumba macho.

"Tena," akasema.

Nicanor akarudisha.