Tiara Niliyokataa Kuiachia

Kuna Jumapili moja, mwanangu Kadzo, ambayo mtu mwema alipoteza mguu kwa sababu yangu na kwa sababu ya tiara. Naikumbuka kila ninapoona kitambaa kinapepea. Jana niliikumbuka zaidi, uliponitumia picha ya tiara ya kumvuta mtu juu ya maji anayoiuza yule mgeni wa hapo ufukweni Kilifi, mita za mraba kumi na nne, na maneno yako chini yake: "Baba, anaondoka kesho, anauza bei ya kutupa. Nichukue?" Nilikaa na simu mkononi mpaka chai ikapoa. Jibu langu ni refu, nalisema kwa sauti badala ya kuliandika, kwa hiyo vumilia. Mzee akikujibu kwa neno moja ujue amechoka nawe, na mimi sijachoka nawe.

Unajua nilifanya kazi Juba, miaka ile baada ya amani, kabla nchi yao haijapigiwa kura ya uhuru. Unachojua ni zawadi nilizoleta. Nilikuwa mtunza stoo katika kambi ya kampuni ya kutegua mabomu ya ardhini, kule Thongpiny karibu na uwanja wa ndege. Tulilala kwenye mahema na makontena, jenereta zikinguruma mchana kutwa. Wakenya tulijaa, Waganda walijaa, kila mtu akiamini kwamba Juba itamtoa. Na palikuwa na desturi moja: khawaja, yaani Mzungu, mkataba wake ukiisha, habebi vitu. Anaviacha. Siku ya kuondoka kwake tunazunguka hema lake kama kunguru, huyu anachukua buti, yule neti, mwingine redio.

Mhandisi mmoja aliondoka akaacha mfuko mrefu ambao hakuna aliyeutaka. Ndani mlikuwa na tiara kubwa ya buluu, kamba zake, fimbo ya kushikia, mkanda wa kiunoni wa kufungia kamba hizo, na ubao wa kusimamia majini. Wenzangu walidhani ni hema lililoharibika. Mimi, mtoto wa pwani, nikapiga kifua: "Hii naijua!" Nilichokijua ni nini? Nilikuwa nimekaa mchangani nikiwatazama watalii wakiruka juu ya maji, basi. Kutazama mtu akila hakujashibisha mtu hata siku moja.

Sasa sikia ujinga wangu, maana ndio huohuo unaokunyemelea wewe. Juba siku nyingi haina upepo wa maana. Nikajiambia, upepo mdogo unataka tiara kubwa, kwa hiyo hii imeletwa na Mungu. Mkanda ulikuwa wa jitu la watu, ukanizidi kiuno, nikaukaza kwa kamba ya katani. Juu ya fimbo palikuwa na kifyatuo chekundu, kile cha kukata nguvu za tiara mambo yakiharibika. Sikukijaribu hata mara moja. Nilikiona kama mlango wa dharura wa ndege, kitu cha abiria waoga. Mpango wangu ulikuwa nijifunze nchi kavu, halafu niingie Nile, niwapitie mbele wale wanaokunywa soda kwenye hoteli za kando ya mto. Ndiyo, nilitaka kuonekana. Ujana ni moshi, haufichiki.

Shida ilikuwa uwanja. Juba ya wakati ule, mwanangu, ardhi tupu haikuwa ardhi ya kuchezea. Kama pahali pazuri hapana nyumba wala shamba wala mbuzi, ujue pana sababu. Ng'ambo ya daraja, ukipita Sherikat walikokuwa wachuuzi na madereva wa malori, timu yetu ilikuwa ikisafisha uwanja mkubwa. Sehemu iliyokwisha kusafishwa ilizungushiwa mawe yaliyopakwa rangi: upande mmoja mweupe, upande mmoja mwekundu. Ukiwa umesimama unaona weupe, uko salama. Ukiona wekundu mbele yako, mauti yako mbele yako. Hata watoto wa pale walijua hivyo kabla ya kujua kusoma.

Mkuu wa timu hiyo alikuwa Mzee Wani. Tulimwita mzee kwa heshima, mvi zake zilikuwa za kuhesabika. Alikuwa wa kabila la Bari, wa hapohapo Juba, aliyekulia ukimbizini Uganda, na Kiswahili chake alikitoa huko. Bila yeye hakuna aliyekanyaga uwanja ule, siku ya kazi wala siku ya mapumziko. Nilikwenda kumwomba nikijua atakataa. Akautazama mfuko, akakipapasa kitambaa kile cha buluu.

"Mimi miaka yote iko naangalia chini," akasema. "Sasa nataka kuangalia kitu iko juu."

Ndiyo sababu alikubali. Nimeibeba sentensi hiyo muda mrefu, na haijapungua uzito.

Jumapili baada ya ibada tukaenda, yeye, mimi na Okello, fundi wetu wa jenereta kutoka Gulu. Vifaa vya Mzee vilikuwa ndani ya gari kama kawaida yake. Akanisimamisha katikati ya uwanja, mbali na mawe.

"Hapa iko neno moja tu," akaniambia. "Mimi nasema sibu, wewe nasibu. Hakuna kuuliza."

Sibu kwa Kiarabu cha Juba ni achia. Nilikuwa nimekaa Juba vya kutosha, neno hilo sikuhitaji kutafsiriwa.

Okello akainua tiara. Akasema, "Boss, hii kitu ni kubwa kuliko sisi." Nikamcheka. Ikapanda polepole, ikatulia juu ya vichwa vyetu, na nitasema kweli, ilikuwa nzuri. Mzee Wani alisimama ameinua uso, mdomo wazi kama mtoto. Nilijiona mfalme.

Ilikuwa majira ya mvua kuanza. Watu wa Juba wanajua kwamba mvua ya majira hayo hutanguliza upepo na vumbi jekundu, ghafla, kutoka upande wa mlima. Mimi nilikuwa natazama juu tu. Nilisikia sauti ya Mzee kabla sijaliona vumbi.

"Sibu!"

Nilisikia, Kadzo. Nilisikia vizuri kama unavyonisikia sasa. Mkono wangu ulikuwa karibu kabisa na kile kifyatuo chekundu. Lakini nikapiga hesabu: nikiiachia, itapeperuka ivuke mawe, iangukie upande mwekundu, na huko hakuna wa kunichukulia. Nitaikosa. Kwa ajili ya hilo nikashikilia.

Iliniinua kama gunia tupu. Nilipita juu ya yale mawe nikiyaona chini yangu, kwanza weupe, kisha wekundu, nikaanguka kwenye majani marefu, bega likavunjika. Tiara ilinasa kwenye mti wa miiba mbele yangu. Nikabaki nimelala, sijafa, na nikaelewa nimelala wapi.

Mzee Wani hakunipigia kelele. Alichukua fulana yake ya kazi, kofia yake na kijiti chake cha chuma, akapiga magoti pale penye mawe. Taratibu ya kazi yao ilikuwa kuita timu nzima. Lakini upepo ulikuwa bado unakuja, na kama tiara ingejinasua ingeniburuta ndani zaidi. Kwa hiyo akaanza kuja peke yake, akidunga ardhi kidogo kidogo, akipanda vijiti nyuma yake kuonyesha njia aliyoipima.

"Usitingishe mguu," akasema. "Fungua ile nyekundu. Sibu."

Hiyo ilikuwa mara ya pili. Na mimi, mjinga wa kupimwa kwa pishi, nikamjibu, "Imenasa mtini, Mzee. Imetulia." Bado nilikuwa naifikiria. Nilidhani tukitoka salama tutaivuta kwa kamba.

Alikuwa amefika karibu kiasi cha kunigusa. Niliona vumbi kwenye nyusi zake. Upepo ukageuka, tiara ikachomoka mtini, nami nikaanza kuburutwa. Mzee Wani akainuka akaushika mkanda wangu kwa mikono miwili, na kwa kunishika akakanyaga pahali ambapo hakuwa amepima.

Mlio wenyewe sitausimulia.

Nilipopata akili, yeye alikuwa chini, bado ameshika mkanda wangu. Ndipo nikakivuta kile kifyatuo. Hakikuhitaji nguvu, mwanangu. Kilifunguka kama kifungo cha shati, tiara ikaenda zake. Nimekwisha kuota ndoto nyingi mbaya, ila hakuna inayonitesa kama wepesi ule.

Okello aliingia kutubeba kwa kufuata vijiti ambavyo Mzee mwenyewe alikuwa amevipanda. Mguu wa Mzee ulikatwa chini ya goti.

Nilipoweza kusimama nilikwenda kumwona wodini, mkono wangu ukiwa umefungwa shingoni. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi. Hakunipa nafasi.

"Wewe ni kiziwi?"

"Hapana, Mzee."

"Ile mara ya kwanza ulisikia?"

"Nilisikia."

"Ya pili?"

"Nilisikia."

Akautazama mkono wangu. "Basi masikio iko sawa," akasema. "Mkono ndiyo mgonjwa."

Akageukia ukutani. Hakusema amenisamehe, siku hiyo wala baadaye, nami sikuwa na uso wa kuomba. Alikaa mlangoni kwa dada yake, akatengeneza viatu vya watu, na miaka michache baadaye niliambiwa amefariki kwa homa. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hawakutuambia kwamba wakati mwingine guu linalovunjika ni la mkuu mwenyewe.

Na ile tiara? Siku niliyoondoka Juba nilipita Sherikat kutafuta gari la Nimule, mpakani na Uganda. Mama mmoja wa chai alikuwa amefunika kibanda chake kwa kitambaa cha buluu. Nilikitambua kwa mshono. Nikamuuliza, akasema kilianguka kando ya barabara siku ya upepo, kizima, akakiokota. Upepo uliivusha uwanja wote ukaiweka barabarani. Ningeachia kwa neno la kwanza, ningetembea kwa miguu yangu nikaichukue, na Mzee Wani angetembea kwa miguu yake kando yangu. Nilikaa nikanywa chai chini ya kitambaa kile, nikalia mbele za watu.

Kwa hiyo, mwanangu, tiara ya yule mgeni usiichukue. Wewe ni mwepesi. Mita kumi na nne itakufanya mzigo wake. Anza na ile ndogo ya mazoezi, ya mita mbili tatu, uishike mchangani mpaka wenzako wakucheke. Acha wacheke. Ukipanda, panda kwenye inayolingana na uzito wako na upepo wa siku hiyo, na muulize mwalimu wako, maana kuuliza si ujinga, ujinga ni ule wangu wa kupiga kifua. Mkanda ukubane wewe, usiwe wa kuazima kiuno cha mtu mwingine. Vaa helmeti na jaketi la kuelea hata maji yakiwa ya magoti. Upepo unaotoka bara kwenda baharini usiuingie kamwe, na upande unakoelekea upepo pasiwe na mawe, mti wala mtu. Ukiona wingu limevimba, shuka, hata kama ndiyo kwanza umefika.

Lakini kabla ya hayo yote, kabla hujainua chochote, shika kifyatuo ukivute. Kivute umefumba macho, kivute kwa mkono wa kulia na wa kushoto, mpaka mkono usikuulize wewe. Nitakuja Kilifi mwisho wa mwezi, nitakaa mchangani, na utanionyesha hicho tu. Sitaki kuona unaruka.

Na siku mtu atakapokupigia kelele uachie, usimpe nafasi ya kurudia.

Mungu akupe upepo wa kiasi, mwanangu. Akurudishe nchi kavu na viungo vyako vyote, na viungo vya waliokuja kukutazama. Na akupe mkono mzima, ule ambao mimi sikuwa nao.