Strap ya boti ambayo sikusimama kununua Rodi Kopany

Wakuu, salamu kutoka huku Homa Bay.

Pale Rodi Kopany nilikuwa nimeshawasha indiketa niingie kando, mbele ya duka la hardware. Rafiki yangu Okelo akasema twende. Nikazima indiketa, tukaenda. Hapo ndipo nilipopaswa kukataa. Mengine nitawaeleza vile yalivyokuwa, bila kujipunguzia lawama.

Mimi ni mzee sasa. Nilibeba mizigo ya watu kwa pikapu na trela miaka mingi. Okelo tulikua naye Kendu Bay, na kanisani tulikaa benchi moja. Maisha yake yote alivua kwa boti za wengine. Mwishowe akatengenezewa yake, ndogo tu, huko Sori upande wa Migori, akaniomba niilete nyumbani.

Ilikuwa Ijumaa. Sisi ni watu wa Sabato, jua likizama unatakiwa uwe umeweka kazi chini. Fundi alichelewa na rangi, kwa hivyo tukapakia mchana ukiwa umeenda.

Boti kwenye trela inafungwa mbele isiteleze, na nyuma isirukeruke. Mbele nilifunga strap nzuri, mkanda wa kukazia mizigo. Ya nyuma ilikatika nikiikaza.

Nikachukua mipira ya tyubu, ile watu wa boda hufungia mizigo, nikavuta mpaka viganja vikauma.

"Hii ni ya kutufikisha Rodi tu," nikamwambia Okelo. "Hapo nanunua strap."

Kwa wasiojua, tyubu inadanganya. Ukiigusa iko tight, lakini kwa kila tuta inavutika, boti inanyanyuka kidogo na kusogea.

Njiani Okelo hakutulia. Kila saa anainamia kioo cha pembeni kutazama jua nyuma yetu. Mke wake anapiga simu kuuliza tumefika wapi, naye anajibu tumekaribia, na hata Ndhiwa hatujaiona. Wasiwasi wake ukaniingia. Nikaanza kutumia kioo changu kutazama jua, wakati nilipaswa kutazama boti.

Tukafika Rodi. Nikawasha indiketa.

"Omera, ndugu yangu, unasimama kufanya nini?"

"Strap. Si nilikuambia?"

"Wewe ukiingia hapo utasalimia soko lote. Nakujua. Boti imetulia kuliko wewe."

Nikacheka, wakuu. Nikakanyaga mafuta.

Tulipita Homa Bay mjini salama. Mbele, kwenye matuta, nikasikia mbao zikigonga chuma, kisha trela ikavuta upande. Kuangalia nyuma, tyubu zimechomoka na nusu ya boti inaning'inia nje.

Nikasimama kando ya barabara. Kabla sijatafuta jiwe la kuweka kwa tairi, Okelo alikuwa ameshashuka anakimbia.

"Boti yangu! Boti yangu!"

Akashika ukingo, anaisukuma irudi.

"Okelo, iache! Toa mkono!"

Strap ya mbele ilikuwa imebeba uzito wote peke yake. Ikaachia. Boti ikateremka, na mkono wake wa kulia ukabaki katikati ya boti na chuma cha trela.

Watu waliokuwa wakilima hapo karibu walikuja mbio tukainua. Nilimfunga mkono kwa shati langu. Nikiwa nimepiga magoti pale, niliona jua bado liko juu ya ziwa. Tungenunua strap, tungefunga, na tungefika.

Hospitalini walijaribu kuokoa mkono. Haikuwezekana, ukakatwa.

Kwa hivyo vijana mnaovuta trela: kile ulichofunga kwa muda, kifungue ukifunge upya pale pale ulipoahidi. Usimruhusu mwenye mzigo akuamulie, hata kama ni ndugu. Dereva ni wewe. Na simama mara kwa mara ushike mikanda kwa mkono wako. Waliowahi kubeba boti, nyinyi hufungaje strap ya nyuma? Andikeni hapa, mwingine asome kabla hajatoka.

Boti yenyewe ilipasuka ubao mmoja tu. Ilitengenezwa, ikauzwa. Okelo hajaingia ziwani tena.

Nilienda kumwomba msamaha. Akaniambia, "Omera, sina kesi na wewe. Ila nikikuona nasikia zile mbao."

Sasa kanisani nakaa nyuma, karibu na mlango, na wimbo wa mwisho ukianza natoka, ili asinione.