Mchanga wa Shimo la Saba

Kwa miaka mingi nimewaambia watu kwamba nina mzio wa gereji. Nikipita kwa mafundi wa Buguruni na harufu ya oili chafu iliyomwagika mchangani ikanipanda puani, macho hujaa machozi, nami husingizia moshi, vumbi, hata miwani. Chuo kikuu nilikuwa msemaji hodari wa kulaani viwanja vya gofu: ekari zote zile kwa watu wachache, tena wenye vitambi. Leo nakiri. Muda wote huo nilikuwa nalilia uwanja wa gofu.

Uwanja wenyewe ulikuwa pembezoni mwa Temeke, mali ya wanachama, kila mmoja na hisa yake. Waliouanzisha walikuwa wageni, enzi ambazo mtu kama babu yangu aliingia humo akiwa na mkoba wa fimbo za mwingine begani. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga. Hawakusema mgeni akija na kamba ya kupimia itakuwaje. Nilipozaliwa, wanachama walikuwa madaktari, mahakimu na wafanyabiashara wa hapahapa, lakini maji yalikuwa haba kama zamani. Kwa hiyo mashimo hayakuzungukwa na nyasi laini kama za kwenye televisheni. Yalizungukwa na duara la mchanga uliochanganywa na oili chafu ya magari, mweusi, mzito, usiopeperuka. Wenyewe waliuita brauni. Baba yangu ndiye aliyeutunza: kila wachezaji walipomaliza, aliburuta gunia juu yake mpaka nyayo zote zikafutika. Alirudi kwenye vyumba vya wafanyakazi, nyuma ya klabu, akinuka injini, nami nikaamini hiyo ndiyo harufu ya akina baba wote duniani.

Masika moja mdogo wangu Idi, aliyekuwa ameanza kusimama kwa kushika ndoo, alipata homa, na kabla ya wiki kuisha hatukuwa naye. Tulimzika kando ya shimo la saba, kwenye makaburi ya wenyeji waliokuwa na mashamba yao pale kabla ya klabu. Wanachama waliyaheshimu kwa namna yao: mpira ukiangukia humo uliokotwa kwa mkono bila adhabu, na mwokotaji alivua viatu. Baba hakuwa na saruji. Alichokuwa nacho ni mchanga wake. Akaumwaga juu ya kaburi, akauburuta ukalala laini, ili majani yasimmeze mtoto. Kila Ijumaa baada ya swala alikwenda kuulainisha upya, nami nikimfuata nimebeba kopo la oili.

Ijumaa moja tulimkuta mwanachama mpya, wakili kijana mwenye kofia nyeupe, amesimama juu ya kaburi la Idi akigonga mpira taratibu.

"Mzee, kumbe mmetuwekea na kiwanja cha mazoezi," alisema kwa furaha.

"Hicho cha mwanangu," baba akajibu.

"Naye anacheza?"

"Bado mdogo, bosi."

Wakili akacheka. Mbeba mkoba wake akamwinamia sikioni. Sijawahi kuona mtu akivua viatu vya kamba upesi namna ile. Alitoka pale kwa soksi, kofia mkononi. Baba akafuta nyayo zake, kama alivyofuta za kila mtu. Mimi nilicheka, kwa sababu nilikuwa mtoto na soksi zile zilikuwa zimetoboka.

Mwenye kovu usidhani kapoa. Baba sasa amelala makaburini Kinyerezi, na klabu inakarabatiwa. Wanachama wamepiga kura, brauni zimekwisha, na nyasi kutoka ng'ambo zinanyweshwa kutwa, wakati kwa mama, Kimara, ndoo zinasubiri zamu bombani. Shimo la saba litakuwa na bwawa la kupendezesha macho. Mwenyekiti wao ni yule yule wakili, sasa mzee wa mvi, na ndiye aliyeniahidi kwamba makaburi yatahamishwa kwa heshima, shehe akiwapo. Mama alitaka jambo moja tu: Idi alazwe miguuni pa baba. Akanunua sanda, akaikata ndogo. Kaburi dogo likachimbwa Kinyerezi, nasi tukakaa kwa mama kusubiri, simu ikiwa mezani katikati yetu.

Ilipoita niliweka sauti ya nje ili mama asikie.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Tumechimba, shehe ninaye hapa. Hatukukuta kitu. Mtoto alikuwa mdogo mno, na ardhi hii ina unyevu. Ni mchanga tu."

Mama alikuwa ameshika ile sanda mapajani. "Mwambie basi atuletee ule mweusi wa juu," alisema. "Ule wa baba yako."

Nikamwambia. Nyuma ya mwenyekiti nikasikia mashine ikinguruma.

"Vijana walidhani ni uchafu wa gereji, wakaupakia na vifusi," alisema. "Lori limeshaondoka, mwanangu. Nimesimama hapa peku, sijui nifanye nini."