Hisa ya Mpika Maharage

Mpaka leo nikimsikia mtu amesimama mkutanoni anasema wanawake tuinuane, kinyaa kinanishika. Kikundi chetu cha Mkumbara tuliinuana kweli. Tulikuwa kumi, tunakopeshwa kwa kudhaminiana, kila mmoja na biashara yake, na kando ya mikopo tukachanga tukanunua mashine ya kusaga. Mali ya wote, hisa kumi zilizo sawa. Wageni waliletwa kuja kuipiga picha. Ni mashine nzuri, yenyewe haina kosa.

Mmoja wetu alikuwa mama lishe, mjane aliyeshuka kutoka Dindira, akipika wali na maharage kando ya barabara kwa ajili ya madereva wa malori. Mimi ni mtu wa Handeni, nauza vitenge. Ni mimi niliyemwingiza kikundini na kuweka saini kuwa mdhamini wake. Akinisalimu kwa Kishambaa chake namjibu kwa Kizigua changu, tunacheka, tunaelewana. Ile hisa ya mashine aliipenda kupita kiasi. Alisema jiko litamchosha siku moja, lakini mashine itaendelea kusaga na mabinti zake wawili watasoma.

Masika moja mama yake akaugua huko mlimani. Akafunga banda, akapanda kumuuguza, akakaa wiki tano. Hapiki, halipi. Wiki ya kwanza tulimchangia kwa moyo, ya pili tukamchangia huku tunanung'unika. Ya tatu kijana wa mikopo, yule anayetumwa na kampuni kukusanya marejesho yetu ya kila wiki, shati limenyooka, anatuita mama zangu, alisema kwa upole kwamba hatoki mtu ukumbini mpaka rejesho litimie. Tukakaa humo tangu asubuhi hadi alasiri, wengine wananyonyesha, wengine nyanya zao zinaiva hadi kuoza huko nje juani. Tulipotoka tulikuwa na hasira, na hasira yenyewe haikwenda kwa kijana. Ilipanda mlima hadi Dindira.

Alirudi akiwa amemzika mama yake. Kesho yake akawasha moto bandani, kisha akanifuata dukani.

"Dada, nipeni mwezi mmoja," akaniambia. "Nikipika mwezi mzima nalipa yote. Ila hisa yangu msiiguse."

Nikamwambia nitasema na wenzangu. Sikusema. Niliogopa wangekumbuka kwamba mdhamini ni mimi, wanidai mimi kwanza.

Kikundi chetu kina utaratibu ambao haukuandikwa popote. Tukienda kukamata vitu vya mwanachama, mdhamini wake ndiye anayetangulia, eti kwa kuwa ndiye anayejua vitu vilipo. Ni kweli nilijua. Nilijua vyombo vya wageni viko chini ya kitanda, nilijua pia kwamba zile sufuria mbili kubwa ndizo biashara yake yote. Tulifika kwake saa nne asubuhi, siku ambayo alikuwa anapikia nyumbani kwa sababu ya mvua. Nikabisha hodi. Akanikaribisha, akaanza kunitafutia kigoda nikae, kabla hajawaona wengine nyuma yangu.

Maharage yalikuwa yanatokota. Mwenyekiti akasema tusiharibu chakula cha watu, sisi si wanyama. Basi nikayamimina kwenye beseni la kufulia, taratibu, isidondoke hata punje, kisha nikatoka na sufuria ya moto nimeishika kwa khanga yangu. Sisi si wanyama. Sijui ni mnyama gani angewaza habari ya beseni.

Hakulia. Aliuliza tu, "Sasa hilo deni nitalilipa kwa kupikia nini?"

Ni swali ambalo mtoto wa chekechea angeliuliza, na sisi wanawake tisa tuliohitimu semina za ujasiriamali, vyeti tumevitundika ukutani, tukaendelea kukusanya vyombo. Mwenzetu mmoja akarudi ndani akachukua na mwiko.

Sufuria ziliuzwa Korogwe kwa bei ya kutupa. Hazikutosha, na hakuna aliyedhani zingetosha. Ndipo mwenyekiti akaikumbuka hisa. Katiba yetu inasema mwanachama akishindwa, hisa yake inanunuliwa na wenzake kwa kiasi kile kile alichochanga mwanzo, hata kama mashine imekwisha kupanda thamani, na mdhamini ndiye anayeulizwa kwanza. Nikasimama nikasema nainunua ili kumwokoa mwenzetu. Wakanipigia makofi. Ukweli ni kwamba niliinunua kwa sababu ilikuwa rahisi, na nilikuwa nimeitamani tangu siku ile aliyonifuata dukani kwangu, nami nikafunga mdomo.

Kwa hiyo sasa nina mbili. Mashine inasaga mpaka jioni, na tunatajwa kwenye mikutano ya wilaya kuwa kikundi cha mfano, hakuna mkopo uliopotea. Mabinti wamepelekwa mlimani kwa mjomba wao, na mkubwa ameacha shule. Mama yao anafagia pale mashineni, analipwa vijisenti na pumba za kulishia kuku. Kazi hiyo nilimtafutia mimi. Wenzangu walinisifu kwa huruma yangu, nami, Mungu anisamehe, sifa hizo nilizipokea.

Miezi ya mwanzo hakuniita kwa jina lolote. Dada ilikwisha. Halafu asubuhi moja alikuja mteja na gunia la mahindi akauliza mwenye mashine ni nani. Mama yule alikuwa karibu naye zaidi, ufagio mkononi, unga umemjaa kwenye nyusi. Akageuka akanitazama, bila hasira yoyote.

"Bosi," akasema, "unaulizwa."

Nikaitika.