Moto Chini ya Mashua

Nilirudi Darakasi kwa sababu nilichoka kuikumbuka. Nilikaa Mombasa, nilikosoma sekondari, nikakaa Malindi, Unguja, kisha Mombasa tena, na kila nilipokaa niliwachosha watu kwa habari za kisiwa hicho cha Wabajuni, kusini mwa Somalia, nilichokihama kwa vita nikiwa mtoto. Mtoto wa ami yangu alikuwa ametangulia kurudi. Alipata mashua kuukuu, akaitengeneza ubao kwa ubao, na kwa mashua hiyo alilisha nyumba yake na ya mama yake mjane. Hawakuwa na tegemeo jingine.

Mwaka niliorudi walikuja wataalamu wa utafiti wa ulinzi wa pwani wakiongozana na wanajeshi. Mkuu wao alitukusanya nje ya msikiti akatueleza kwa Kisomali kwamba wana droni yenye kamera ya kuona joto, na kompyuta iliyofundishwa kwa picha nyingi kutambua chombo cha adui au cha magendo. Nilifurahi kuliko wote. Shuleni nilipenda fizikia, na nilidhani hatimaye sayansi imekuja upande wetu. Wenye bunduki wametupora nyavu na mashine za boti. Meli kubwa za kigeni zimekomba samaki mbele ya macho yetu. Nani angekataa kulindwa?

Hakuna aliyetuuliza tunaishije. Hilo ndilo linalonichoma hadi leo.

Mbao za chombo huliwa na wadudu wa maji. Kwa hiyo wakati wa bamvua, maji yakitoka mbali, tunakilaza chombo ufukweni, tunawasha makuti makavu chini yake na kuupitisha moto ubavu mzima, wadudu wafie ndani ya matundu yao. Kikipoa tunakipaka deheni, chokaa iliyochanganywa na mafuta. Moto bila deheni ni hasara tupu, kwa kuwa moto huondoa mafuta ya zamani na kuuacha ubao uchi.

Siku ya kuichoma mashua ya mtoto wa ami, makuti yalikuwa yanawaka vizuri droni ilipokuja kusimama juu yetu.

"Mama, jifunike, wanakupiga picha," mtoto wa ami alisema.

"Waache wapige," mama yake akajibu, mikono imejaa chokaa. "Pengine yupo anayetafuta mke."

Tulicheka sote. Mashua ilikuwa bado inapoa boti ya wanajeshi ilipofika.

"Walaal, mbona unachoma ushahidi?" aliuliza kiongozi wao, akimwita mtoto wa ami ndugu kwa Kisomali.

"Ushahidi gani? Naua wadudu."

"Wadudu," yule akawaambia wenzake, nao wakacheka kwa zamu yao. Kompyuta ilikuwa imesema kwamba chombo kinachochomwa ufukweni ni cha magendo, mwenyewe anakiteketeza ili asikamatwe. Wakasubiri maji yajae, wakaifunga mashua kamba.

"Nipeni nafasi niipake deheni tu, halafu mwende nayo," mtoto wa ami aliomba.

"Utaipaka huko huko."

Wakaivuta mpaka Kismayo na kuitia nanga bandarini, mbao zake zikiwa tupu.

Tuliwafuata na debe letu la deheni. Mlinzi wa lango alitukatalia. Chombo ni sehemu ya utafiti, alisema, hakiguswi mpaka matokeo yahakikiwe. Tukarudi kesho yake, na wiki iliyofuata, na nyingine. Deheni ilikauka ndani ya debe, tukakanda mpya, nayo ikakauka. Kutoka pale langoni tuliiona mashua ikielea, nzima kabisa kwa mtu asiyejua, na mtoto wa ami hakuweza kuitazama kwa muda mrefu.

Mwishowe nilimpata yule mkuu wa wataalamu ofisini, penye kiyoyozi. Nilimweleza yote, moto, wadudu, deheni. Alinisikiliza kwa adabu, akaandika, akasema habari hii ni muhimu sana, kosa la namna hii litarekebishwa katika toleo lijalo la programu.

"Na mashua?"

"Hilo ni la jeshi. Sisi ni watafiti."

Ukutani nyuma yake palikuwa na skrini yenye ramani ya bahari yetu. Mbele ya kisiwa cha Fuma ilikuwepo alama kubwa ya kijani. Niliuliza ni nini.

"Meli ya kigeni ya uvuvi. Haina shida, mfumo unaitambua."

Unaitambua! Mwizi wetu wanamjua kwa sura na wamempa rangi ya amani, na sisi tulioganda pwani hii tangu kwa mababu ndio wa kutiliwa shaka. Nilitoka kabla sijafanya jambo la kunifungisha.

Mashua ilipoachiwa, miezi baadaye, mtoto wa ami alibonyeza ubao wa chini kwa kidole gumba, na kidole kikazama; wadudu walikuwa wameshaula. Haikuweza hata kuondoka bandarini. Tuliivunja hapo hapo Kismayo, wauza mkaa wakachukua mbao.

Baadaye mtaalamu alikuja Darakasi mwenyewe. Alitaka mtu atie moto chombo mbele ya droni ili kompyuta ijifunze. Nilimtukana kwa Kisomali na kwa Kibajuni. Mtoto wa ami akanishika mkono.

"Nduyangu, wachu wengine hapa wana vyombo vyao. Wanajeshi wawavutie na hao, kama changu?"

Akaomba mashua ya jirani, akailaza, akawasha. Nilimbebea makuti kwa sababu sikuweza kumwacha peke yake. Droni ikaja juu. Yule mtaalamu, simu mkononi, akatupigia kelele kutoka kivulini.

"Sogeeni pembeni kidogo. Joto la miili yenu linaharibu picha."

"Nikisogea, moto atashika nani?" mtoto wa ami aliuliza bila kugeuka.

"Kidogo tu."

Nilichukua tita jingine la makuti nikaenda kusimama katikati ya hiyo picha yake, chini kabisa ya ile droni.